Umepoteza kazi au biashara imekufa? Namna ya kuinuka ukiwa na kocha, hatua kwa hatua

Meseji zinazonijia ni zilezile. Mtu kaachishwa kazi, mwingine kafunga fremu Kariakoo, mwingine mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, umemla mpaka friji likabebwa watoto wakiangalia, alafu swali linafuata: watu wananiambia nitafute kocha, sasa huyo kocha anafanya nini hasa, nampata wapi, lazima nilipe, na nikikaa nae tunaongea nini? Nimeona bora niandike yote hapa toka mwanzo ili ukiwa na shida hii usome na uanze wiki hiihii.

Kuna jambo moja ulishike kabla hatujaenda mbali. Kocha haji kukupa majibu. Anakuuliza, anakusikiliza, anakusaidia kuyaweka mambo kwenye karatasi, alafu wiki inayofuata anakuuliza umefanya nini. Ukiona katika saa moja yeye ndio anaongea dakika 50, huyo anakuhubiria au anakuuzia kitu. Mtu aliyeanguka kichwa kinakuwa kimejaa, usiku kucha anawaza yaleyale kwa mpangilio uleule, na nilivyoona mimi kwa watu niliokaa nao, kinachowatoa pale ni maswali kutoka kwa mtu ambaye hawamuogopi na ambaye hatawasimanga kesho.

Hili limefanyiwa kazi kwelikweli huku kwetu Afrika. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakafundishwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo mojamoja. Utafiti uliofanyika kwenye kliniki 24 za Harare ukachapishwa mwaka 2016, na waliokaa na wale wahudumu wa benchi dalili za sonona zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango wenyewe umeshafika mpaka Zanzibar. Mwaka huohuo 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa mwongozo wa vikao 5 ambao mtu asiye daktari anaweza kufundishwa na kuutumia, na ukajaribiwa Nairobi kwa kina mama. Hatua nyingi hapa chini zimetoka huko, nimeziweka tu kwa mazingira yetu. Nadharia inaishia hapo, twende kazini.

KABLA HUJAANZA

Kama unawaza kujidhuru, au hujalala wala kula vizuri wiki mbili sasa, au umeanza kunywa ili tu usiku upite, usianzie kwa kocha. Anzia hospitali. Hospitali za mikoa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, na Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Tanzania unaweza kupiga 199 ya Wizara ya Afya bure, Kenya piga 1199 ya Red Cross. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani leo. Kocha atakusubiri, na ukitibiwa vikao vyake vitakusaidia zaidi.

Kama hauko huko, andaa hivi:

- Daftari na peni. Simu ina meseji za wanaokudai, ukiifungua ili uandike unajikuta unasoma vitisho. Tumia daftari.
- Saa 1 kwa wiki, siku ileile na mda uleule, kwa wiki 6.
- Mahali ambapo hakuna anayesikia. Baraza la nyumba ya jirani halifai. Bustani, ukumbi wa kanisa siku za kati ya wiki, ofisi ya kocha, hata kwenye gari lililopaki, ilimradi mnaongea kwa uhuru.
- Karatasi zako zote: barua ya kuachishwa kazi, mkataba, salary slip, kitabu cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), risiti, orodha ya wateja wanaodaiwa. Hata zile ambazo unaogopa kuzifungua. Hasa hizo.
- Nauli ya kwenda na kurudi wiki zote 6, itenge mapema. Watu wengi wameacha njiani kwasababu ya nauli tu na wakaona aibu kusema.

HATUA YA 1: Mchague mtu

Hapa nakaa sana maana ukikosea hapa kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Watu wanadhani kocha ni lazima awe mtu wa suti mwenye kipaza sauti. Anaweza akawa mama mtu mzima wa msikitini au kanisani kwenu, mwalimu wako wa zamani, bosi mliyeachana vizuri, au mfanyabiashara aliyewahi kuanguka nae akainuka. Angalia vitu vinne: anatunza siri, hafaidiki wala haumii na uamuzi utakaoufanya, anaweza kukaa kimya wakati mwenzie anaongea, na akisema nitakuja saa 10 anafika saa 10.

Mpime kwanza. Mwambie jambo dogo tu la kukusumbua, lisiwe lile kubwa. Alafu sikiliza kinachotoka mdomoni mwake kwanza. Kama ni swali, "ilikuaje?" au "wewe umeionaje hiyo?", endelea nae. Kama ni "mimi ningekuwa wewe..." au kaanza hadithi yake mwenyewe, ni mtu mwema huenda, ila kwa kazi hii tafuta mwingine. Subiri siku kadhaa uone kama lile jambo linakurudia kupitia kwa mtu mwingine.

Wasiofaa:

Anayekudai, hata kama ni mpole. Kila utakachosema atakuwa anakipigia hesabu ya hela yake.

Mume au mke wako. Sio kwamba hana akili au hakupendi, ni kwamba anaumia na jambo hilohilo, kodi hiyo ni yake, ada hiyo ni ya mtoto wake. Mwambie kwamba unaanza vikao na nani na lini, asije akashangaa unatoka kila Jumamosi, ila usimfanye yeye ndio kocha.

Ndugu aliyekupa mtaji. Sababu ni ileile.

Mtu wa "fursa". Huyu nataka uwe macho nae sana. Anakuja kama kocha, anakusikiliza vizuri kweli, machozi yanakutoka, alafu kikao cha pili anakuonyesha jinsi ya kuweka laki tano zizae, au unasajili watu wawili chini yako na wao wasajili wawili. Mtu aliyetoka kupoteza kila kitu ndio anayewindwa kirahisi maana anatamani irudi yote kwa mkupuo. Kocha anayekuuzia kitu chochote nje ya vikao vyenyewe, toka siku hiyohiyo na usirudi.

Je lazima ulipe? Hapana. Ila kama unataka kumlipa mtaalamu, jua kwamba neno kocha anaweza kulitumia yeyote, hakuna anayemzuia. Muulize amesomea wapi na ameshakaa na watu kwa masaa mangapi. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, kwa cheti chao cha chini kabisa, ACC, wanataka angalau masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kukaa na watu. Asiye na cheti hicho anaweza akawa mzuri pia, lakini akikasirika umemuuliza hilo swali basi umeshapata jibu lako. Muombe kikao kimoja cha kujaribu kabla hujalipia vyote, na kamwe usikope ili umlipe kocha.

Kumuomba mtu ni kitu kinachowashinda wengi, wanaandika meseji wanafuta. Tumia hii ubadilishe majina na maneno:

"Shikamoo mama. Naomba nikuombe kitu. Biashara yangu imefungwa na nimekwama kimawazo. Sihitaji hela. Naomba saa moja kwa wiki kwa wiki 6 unisikilize na uniulize maswali nikiwa napanga pa kuanzia. Ukiwa huna nafasi nitaelewa kabisa."

Hayo maneno "sihitaji hela" yaweke. Mtu akipigiwa simu na aliyefilisika kitu cha kwanza anachowaza ni mkopo, na hapo anaanza kukukwepa kabla hujafungua mdomo.

HATUA YA 2: Wekeaneni makubaliano

Dakika 10 zinatosha, andika ukurasa wa kwanza wa daftari. Siku na saa. Vikao 6. Yanayoongelewa hayatoki, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini. Hakuna kukopeshana kati yenu mpaka vikao viishe. Asiyeweza kuja anasema siku moja kabla. Na jambo la mwisho: kocha akitaka kutoa ushauri anaomba kwanza, "naweza kukwambia ninavyoona?", na wewe una haki ya kusema bado.

Kama kocha wako ni mtu mzima kwako, hilo la mwisho linaweza kuonekana kama kukosa adabu. Mwambie kwa heshima, "mama, nikishamaliza kueleza nitakuomba mwenyewe unishauri", inapita bila shida.

HATUA YA 3: Kikao cha kwanza, toa yote

Unaongea wewe. Ilianzaje, ikafikaje, nani alisema nini, umefanya nini tangu hapo, usiku ukikosa usingizi unawaza nini. Ukilia ni sawa, ukinyamaza dakika mbili ni sawa. Kocha kazi yake ni maswali mafupi: "alafu?", "hapo ulijisikiaje?", "nani mwingine anajua?" Hakuna suluhisho siku hiyo. Kocha anayeruka kwenye suluhisho kikao cha kwanza anatibu jambo ambalo bado hajalisikia, maana linalouma kweli mara nyingi linatoka dakika ya arobaini, mtu akiwa karibu kuaga.

Kuna kitu kimoja tu cha kufanyiwa haraka, ndio hatua inayofuata, itengee dakika 15 za mwisho.

HATUA YA 4: Vitu vyenye tarehe

Huzuni haina haraka ila sheria inayo. Nimeona watu wenye haki zao kabisa wamezipoteza kwasababu walijifungia ndani mwezi mzima. Andikeni kila kitu chenye siku ya mwisho.

Kama uko Tanzania Bara na unaona umeachishwa kazi isivyo halali, unatakiwa upeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa mda na lazima uwe na sababu za msingi, na "nilikuwa na mawazo" ni ngumu kukubalika. Kama ulikuwa unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na hukuacha kazi mwenyewe, nenda ofisini kwao uulizie fao la kukosa ajira, lina masharti yake watakwambia kama unaingia. Chukua barua yako ya utumishi na vielelezo vyote kabla hujasahaulika kule kazini.

Kwenye mikopo, andika tarehe ya kila marejesho. Waliokukopesha bila mkataba wa maana waulize leseni yao, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wanaokopesha hivi wanatakiwa wawe na leseni inayotoka Benki Kuu. Na wapigie KABLA ya tarehe. Anayepiga simu mwenyewe na kusema nina elfu 40 leo na nyingine Ijumaa anasikilizwa tofauti kabisa na aliyezima simu.

HATUA YA 5: Yaweke kwenye karatasi kwa mafungu matatu

Kikao cha pili. Taja kila kinachokusumbua, kocha aandike yeye ili wewe uongee tu. Alafu myagawe: yanayotatulika, yasiyotatulika, na yale ambayo kwa sasa sio ya muhimu.

Nikupe mfano wa dada aliyekuwa anauza vitenge. Kichwani mwake alikuwa anasema "nadaiwa mamilioni". Kwenye daftari ikatoka hivi: VICOBA laki 8, kausha damu laki 4 na nusu, shemeji laki 3, kodi ya fremu miezi miwili laki 4. Jumla 1,950,000. Ni hela nyingi kwake, hakuna anayebisha, lakini sasa ina mwisho, ina majina manne, na kila jina lina namna yake ya kuongea nalo. Upande wa pili wa ukurasa kocha akamuuliza kitu ambacho hakuwahi kujiuliza: nani anakudai tumeona, wewe unamdai nani? Wakaandika wateja wa mkopo mmojammoja toka kwenye kumbukumbu na meseji za zamani, ikafika 1,240,000. Alikuwa anatembea na hiyo hela nje miezi mitano hajaijumlisha hata siku moja kwasababu alikuwa anaogopa kushika lile daftari la wateja.

Kwenye fungu la yasiyotatulika liliingia lile la mwenye fremu kumpangishia mtu mwingine. Imeshatoka hiyo. Unaiomboleza, unaisema, alafu hauifanyii mipango. Kwenye yasiyo ya muhimu sasa liliingia "watu wa sokoni wanasemaje". Linauma, ila wiki hii halilipi kodi.

Kosa la hapa: kuyaweka yote kwenye yanayotatulika ili uonekane jasiri, au kuyaweka yote kwenye yasiyotatulika kwasababu umechoka. Kocha akuulize kwa kila moja: "kuna kitu hata kidogo unachoweza kufanya wewe mwenyewe kuhusu hili?"

HATUA YA 6: Tenganisha kilichotokea na unachojiambia

Hapa ndio mtu anaanza kuyaona mambo yake kwa jicho lingine. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichotokea, kitu ambacho hata jirani angekiona. Kulia andika maneno unayojiambia kuhusu hicho. "Nimepunguzwa kazi pamoja na wenzangu wa kitengo" inakaa kushoto. "Mimi sina thamani tena" inakaa kulia. Alafu kocha anaanza kuuliza maswali kwenye zile za kulia, taratibu, bila kubisha. Yule dada wa vitenge na mama aliyekuwa kocha wake walienda hivi:

"Mimi mama biashara sio riziki yangu."

"Umejuaje mwanangu?"

"Si nimefilisika."

"Uliuza vitenge mda gani?"

"Miaka minne."

"Hiyo miaka minne kodi ya fremu ulikuwa unalipa na nini?"

"Na vitenge."

"Na ada ya mtoto?"

"Vitenge hivyohivyo."

"Sasa kikabadilika nini?"

Akakaa kimya sana. Mama nae akanyamaza, hakumsaidia kujibu. Mwisho akasema: "Nilianza kukopesha wale wa maofisini, walipe mwisho wa mwezi. Wakawa wengi, nikawa naona aibu kuwadai. Mzigo ukaisha, hela iko kwao, ndio nikaenda kukopa nikanunue mwingine."

Soma tena uone kilichofanyika. Yule mama hakumwambia "usijali mwanangu, Mungu atajalia, wewe ni mpambanaji". Hakumpamba. Maswali yamemtoa kwenye "biashara sio riziki yangu", ambayo haina cha kufanyia, yakampeleka kwenye "nilikopesha bila kikomo na nikaona aibu kudai", ambayo ina cha kufanyia kesho asubuhi. Na ile kimya ndio ilikuwa kazi yenyewe, kocha mwenye haraka angeijaza kwa mawaidha na lile jibu lisingetoka kamwe.

Angalizo kwa kocha: usilazimishe mtu aone "upande mzuri". Kuna mambo hayana upande mzuri. Aliyefukuzwa kwa kuonewa ameonewa, usimtafutie somo kwenye hilo, andika kushoto kama lilivyo na msogee kwenye anachojiambia kutokana nalo.

HATUA YA 7: Chagua tatizo moja na kitendo kimoja cha wiki hii

Moja tu, toka kwenye yanayotatulika. Taja njia zote zinazokuja kichwani hata za ajabu, kocha aandike bila kukata, alafu chagua unayoiweza kwa nguvu na hela ulizonazo sasa hivi. Kitendo kiwe na siku, saa na jina. "Nitaanza kudai wateja" hakitafanyika. "Jumatano saa 4 asubuhi nampigia yule mteja anayefanya kazi benki, namuomba apunguze deni lake hata elfu 30" kitafanyika. Fanyeni mazoezi ya ile simu palepale, kocha awe mteja, akupe na visingizio vyote vya mteja. Kwa mtu wa intavyuu ni hivyohivyo, rudieni lile swali la "mbona uliacha kazi kule" mpaka sauti isitetemeke.

Alafu muulizane: kwa kiwango cha 0 mpaka 10 una uhakika gani utakifanya? Chini ya 7 maana yake kitendo ni kikubwa, kipunguzeni.

HATUA YA 8: Mwili na watu

Fupi ila usiiruke. Kila siku kitu kimoja ulichokuwa unakifanya kabla ya kuanguka: kutembea jioni, mazoezi ya kwaya, mpira, kupika chakula cha maana. Usisubiri hamu ije kwanza, hamu inakuja ukishaanza. Stresi ikipanda, kaa, mkono tumboni, vuta pumzi taratibu tumbo lipande, toa taratibu, dakika chache mpaka moyo utulie. Na andika majina ya watu watatu na kila mmoja anaweza nini: huyu kukaa na watoto nikiwa na intavyuu, huyu kunipa taarifa za kazi, huyu kunichekesha tu. Mpigie mmoja wiki hii.

HATUA YA 9: Vikao vya kufuatilia

Kuanzia kikao cha tatu mpaka cha tano mnaanza na maswali matatu: ulifanya? ilikuaje? umejifunza nini kuhusu hilo tatizo? Kama hukufanya kocha haulizi "kwanini" kwa sauti ya mwalimu wa nidhamu, anauliza "nini kiliingilia?" Alafu kitendo kipya, au kilekile kikiwa kidogo zaidi. Katikati ya wiki meseji moja ya kocha inatosha, "Jumatano ile vipi?" Msizame kwenye voice note za dakika 8 usiku wa manane, zinawachosha wote na ndizo zinazofanya makocha wengi waanze kukwepa simu.

HATUA YA 10: Kikao cha sita

Fungueni daftari ukurasa wa kwanza msome mpaka mlipofika. Andika dalili zako tatu za kuanza kuzama tena, kwa mfano kuzima simu, kulala mchana, kukasirikia watoto, na pembeni ya kila moja nani utampigia. Amueni kama mnaachana hapo au mnakutana mara moja kwa mwezi.

IKIKWAMA

"Nikifika kwa kocha nakuwa sina cha kusema." Soma tu ulichoandika kushoto na kulia wiki iliyopita. Kama hukuandika, andikeni pamoja dakika kumi za kwanza, kimya.

"Kocha wangu anahubiri." Mkumbushe yale makubaliano ya ukurasa wa kwanza. Akirudia tena baada ya hapo, mshukuru kwa dhati na utafute mwingine, haujamkosea.

"Wiki mbili sijafanya kitendo." Mara nyingi tatizo mlilochagua sio lako, ni la watu wanaokushinikiza. Rudini hatua ya 5 mchague linalokuuma wewe.

"Natoka kwenye kikao najisikia vibaya zaidi." Kikao kimoja au viwili inatokea, umefungua mambo mazito. Ikifika cha tatu na hali inashuka, usingizi umekata, chakula hakipiti, simamisheni vikao uende hospitali. Kocha mzuri akiona hivyo anakusindikiza mwenyewe mpaka mapokezi.

"Mume wangu anasema napoteza mda." Mwonyeshe ile orodha ya madeni na mpango wa kila jina. Yaliyo ya siri yaache kwenye daftari, ila hesabu za nyumba ni zenu wote.

"Siko mjini, huku hakuna makocha." Vikao vya simu vinafanya kazi kama mtandao haukatiki katikati, tafuta pa faragha na kila mtu awe na daftari lake. Cha kwanza tu jitahidini muonane ana kwa ana.

"Vikao 6 vimeisha na bado sina kazi." Angalia kama unafanya vitendo, unalala, na madeni yana mpango. Kama ndio, ongezeni vikao 3 vya kazi tu: barua za maombi, simu, mazoezi ya intavyuu. Kama hapana, anzeni upya hatua ya 5 mkiwa na ukurasa mweupe, maana orodha ya sasa sio ile ya mwezi juzi.